Tanuri la Kwa Mugiriki

Pale Kimanga, mtaa wa Uvira, kwenye barabara inayoshuka kuelekea ziwani, zilisimama nyumba nne za kale zilizojengwa siku za reli. Zilifanana kama watoto wa tumbo moja: kuta nene za matofali ya kuchoma, milango ya matao, paa za vigae, na baraza zilizoinuliwa juu ya msingi wa mawe, hata mtu mzima akisimama barabarani baraza ilimfika kifuani. Mfanyabiashara Mgiriki aliyezijenga alikwisha kuondoka zamani, na gari la moshi la kwenda Kamanyola lilinyamaza kabla ya uhuru, lakini watu waliendelea kupaita mahali hapo Kwa Mugiriki.

Katika nyumba ya chini kabisa alikaa Pudentienne Uwimana, mwoka mikate. Kwao ni Lubarika, katika tambarare ya Ruzizi, na utotoni alichunga mbuzi juu ya tuta la reli iliyokwisha kung'olewa vyuma, bila kujua lile tuta lilikuwa la nini. Uvira aliletwa na ndoa. Mume wake, Ngendakumana, alikuwa mwashi, na ndani ya chumba kikubwa kilichokuwa ghala alimjengea tanuri la udongo na matofali. Homa ilipomchukua Ngendakumana, Pudentienne alibaki na watoto wawili na lile tanuri. Akawalea kwa mikate mpaka wakaota mbawa: msichana akaolewa katika mji wa Baraka, mvulana akaenda kufundisha Bukavu. Mama yao hakuhama. Aliwaambia kwamba mahali pengine atalala, lakini ataoka wapi?

Mwenye nyumba alikuwa Sylvestre, mtu wa makamo mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, aliyeirithi nyumba ile kwa baba yake. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja ya kiangazi alikuja, akaketi barazani, akala mkate wa moto, akausifu, kisha akasema alichokuja kusema. Nyumba ilikuwa imechakaa, vigae vinadondoka, na yeye alitaka kusimamisha étage, jumba la ghorofa lenye vioo, maduka chini, ofisi juu. Mvua zikiisha, ataivunja. Pudentienne hakubishana. Mali ni ya mwenyewe. Ila asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe, aliunguza mikate.

Akaanza kutafuta pa kuhamia. Katika mtaa wa Rugenge alipata chumba chenye ua, lakini majirani walimwambia waziwazi kwamba moshi wa kila alfajiri hawautaki. Kwingine ardhi ilikuwa laini, tanuri lingepasuka. Alikuwa bado anazunguka hivyo mvua zilipoanza.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha juu ya mvua. Mito ilishuka milimani na matope yake, na ziwa nalo likapanda, si kwa kishindo bali kimyakimya. Leo maji yamelamba mchanga wa ufukweni, wiki ijayo yamepita mashamba ya mboga, halafu yakaingia barabarani. Nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa kando ya maji zilianza kulowa toka chini. Watu wa bondeni walipandisha magodoro, masanduku na mbuzi kwenye baraza za Kwa Mugiriki, na Pudentienne aliwaachia nafasi yote isipokuwa njia ya kupitisha kuni. Mitumbwi ilipita pale zilipopita pikipiki. Maji yalifika daraja la pili la ngazi yake, yakakaa hapo.

Mchana mmoja, huku akitoa mikate motoni, alimwona Sylvestre chini ya ngazi, suruali imekunjwa hadi magotini. Nyuma yake, ndani ya mtumbwi, walikaa mke wake Aline, watoto, na mama yake mzee, Marie-Rose, aliyeshika redio kifuani kama mtoto mchanga. Nyumba yao, ile yenye marumaru na madirisha yanayotazama ziwa, ilikuwa na maji ndani hadi kwenye vitanda. Pudentienne aliwapa ishara wangoje. Mkate haungoji. Alipomaliza alijifuta mikono, akatoka.

Sylvestre alieleza kwa maneno machache, bila kumtazama usoni. Aliomba chumba kimoja cha nyuma.

"Nyumba njo ya weye," Pudentienne alimjibu. "Mbona unaniomba?"

"Nyumba iko ya miye, Mama Pudentienne. Lakini mlango iko wa weye."

 Hasira Pudentienne alikuwa nayo, hakujidanganya nafsini mwake. Alikumbuka ile siku ya mkate wa moto na étage ya vioo, na akaona jinsi ingekuwa rahisi kumwambia aende akalale dukani kwake. Kisha yule bibi kizee akakohoa ndani ya mtumbwi. Pudentienne alisema kwamba chumba cha nyuma kimejaa magunia ya unga, na kama wanakitaka, Papa Sylvestre avue koti waanze kuyasogeza.

Waliishi pamoja hivyo kwa miezi. Mwanzoni Aline aliona haya, akapika sufuria yake pembeni, akala na watoto wake pembeni. Lakini moto ulikuwa mmoja, na mtu hawezi kuota moto wa mwenzake kila siku akiwa amemgeuzia mgongo. Asubuhi moja alikunja mikono ya nguo akaingiza vidole kwenye unga. Alikanda vibaya, wakacheka, akajifunza. Mikate ikaongezeka, na kwa kuwa barabara zilifungwa na maji, ikawa ndiyo chakula cha mtaa mzima.

Bibi Marie-Rose ndiye aliyewaeleza kwa nini maji hayakupanda ngazi zote. Akiwa mtoto aliliona gari la moshi likisimama nyuma ya nyumba hizi. Msingi ule wa mawe, alisema, ulijengwa kulingana na sakafu ya mabehewa, ili wapakuzi wa pamba na chumvi wasiinue mizigo. Hakuna aliyefikiria ziwa.

Sylvestre alishuka ngazi mpaka kwenye maji, akayapapasa yale mawe.

Maji yaliporudi nyuma, alikwenda kuiangalia nyumba yake ya ufukweni, akakuta kuta zimepasuka toka msingi hadi dirishani. Jirani wa Kwa Mugiriki, mwenye nyumba ya tatu, yeye hakungoja: aliivunja yake, na vishindo vya nyundo vikaufungulia ukuta wa Pudentienne ufa mrefu ulioishia kwenye dohani. Tanuri lilianza kuvuta moshi ndani. Sylvestre akamleta mwashi aitwaye Damien. Pudentienne, asiyejua kama mwashi amekuja kujenga au kupima mahali pa kubomoa, alichoka kubahatisha.

"Papa Sylvestre, niambie. Nitoke ao nibakie?"

"Bakia," Sylvestre alisema. "Na siye tunabakia."

Damien aliuziba ufa kwa matofali ya nyumba iliyovunjwa, akapanga vigae upya. Dohani haikurudi kama zamani. Upepo ukitoka ziwani moshi bado unaingia chumbani, na Pudentienne hulalamika mpaka leo.

Bibi Marie-Rose alifariki kiangazi kilichofuata, katika chumba kile cha nyuma. Msiba ukawekwa barazani. Pudentienne na Aline walioka kwa ajili ya waombolezaji tangu alfajiri. Wageni kutoka upande wa marehemu walipouliza yule mama mwenye unga mikononi ni nani katika ukoo, Sylvestre aliwajibu kwamba ni mwenye nyumba mwenzake, akamsogezea kiti akae karibu na familia. Pudentienne aliketi kidogo, kisha akainuka kwenda kutoa mikate.