Sisi Wote Wazima

Ubongo wa mbwa unatolewa kwa mrija wa soda. Watu hawaniamini nikiwaambia. Unalaza kichwa, unatafuta lile tundu la nyuma pale shingo inapoanzia, unasukuma mrija kuelekea jicho, unazungusha, unavuta. Kinachotoka ni kidogo kama punje ya mahindi, na hicho ndicho maabara inataka. Nimefanya kazi hiyo Kitui na Makueni, kutoka Mwingi hadi Kambu, kwa utafiti wa kichaa cha mbwa, na nilikuwa naringa nayo sana. Kwetu nani mwingine alikuwa ameshika ubongo?

Virusi vyenyewe nilivijua vizuri. Mbwa akikung'ata, vinaingia kwenye neva na kupanda polepole, wiki baada ya wiki, mpaka kichwani. Vikiwa bado njiani, sindano inakuokoa. Vikishafika kwenye ubongo, basi, hata ungekuwa nani.

Pamoja na mrija tulibeba fomu. Profesa wetu alikuwa mkali na hizo fomu: maswali yasomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kila nyumba iulizwe sawasawa na ya jirani. Kikamba marufuku, eti kila mmoja atatafsiri kivyake. Swali la tisa lilikuwa hili: "Kuna mtu ameumwa hapa nyumbani?"

Siku moja tukaitwa huko ndani, kupita Zombe. Mbwa ameua mbuzi, majirani wakampiga mawe akafa. Kufika, ala! Ni kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu, aliyenilea miaka minne nikiwa shule ya msingi. Akanitazama na glavu zangu, akaangua kicheko. "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje uchinje mbwa?"

Nikacheka pia. Nikamaliza na kile kichwa, nikanawa, nikakaa naye na fomu. Sauti yangu ikageuka, ikawa ya ofisi.

"Kuna mtu ameumwa hapa nyumbani?"

"Hapana, mwanangu. Sisi wote wazima. Labda goti la baba yako mdogo, na hilo ni la zamani."

Nikaandika hapana.

Hebu rudia hilo jibu. Mtu anaulizwa habari za meno ya mbwa, anajibu habari za goti! Mama mdogo alijifunzia Kiswahili sokoni na kanisani, na huko kuumwa ni kuumwa na tumbo, kuumwa na kichwa. Kwa Kikamba kuugua ni neno moja na kung'atwa ni lingine. Ningemuuliza kwa lugha aliyonilea nayo angenionyesha kidole pale pale. Na hicho kidole nilikiona, haki ya Mungu, kimefungwa kitambaa. Nikadhani ni kisu. Nikala muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikabeba kisanduku changu cha barafu, nikaenda. Mjinga wa mwisho ni mimi.

Majibu yalirudi: mbwa alikuwa na kichaa. Watu wa chanjo wakaangalia fomu yangu, wakaona hapo hakuna aliyeng'atwa, wakapeleka sindano kwingine.

Wiki kadhaa zikapita. Baba mdogo akanipigia simu asubuhi, nikiwa kazini. Mama mdogo hawezi kumeza chai, alisema, akiletewa kikombe koo linakaza na anatetemeka. Nilijua kabla hajamaliza. Nilikaa sakafuni nikalia, wenzangu wakidhani nimefiwa, na kwa kweli nilikuwa nimefiwa tayari.

Hospitalini nilimkuta amefungwa mikono kitandani, lakini akili ilikuwa inakuja na kwenda, na nilipoingia ilikuwa imekuja. Akaniambia mbwa yule alimng'ata kidogo tu alipokuwa anamtoa kwa mbuzi. Aliosha kwa chumvi, akasahau. Kisha akanitazama.

"Mwanangu, ulikuja mpaka nyumbani. Mbona hukuniuliza?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilimuuliza, neno kwa neno, kama tulivyoagizwa?

"Nilisahau, mama," nikamwambia.

"Wacha tu," akasema. "Kazi yenu ni nyingi."

Siku ya tatu akafa. Profesa akapiga simu, akatoa pole, na pole haijapoa akauliza kama familia ingekubali kipande kidogo cha ubongo, maana sampuli ya mtu ni adimu. Nkt! Nilitaka kumtukana. Lakini baba mdogo, alipoulizwa, alikubali bila shida. Alisema kazi hiyo ni ya mtoto wao, na mtoto wao anaijua.

Kushika mrija nilikataa, akaitwa mwingine. Ila sampuli haipokelewi bila fomu, na mwenye habari za ile nyumba nilikuwa mimi. Nikaijaza pale kwenye benchi nje ya chumba cha maiti. Nikafika swali la tisa, nikaandika ndiyo.