Mpira Uliotoka Kwenye Gari la Marehemu

Mie gari siliwashi kabla sijafungua boneti. Walimu wenzangu wananicheka, eti mwalimu fundi, nami nawaacha wacheke. Watu hapa Kimara wanajua kung'arisha tairi, lakini muulize mtu maji ya rejeta aliyaangalia lini, atakutazama kama umemtukania mama yake. Asubuhi injini ikiwa ya baridi natazama maji, kisha naminya ile mipira miwili inayoyapitisha kati ya injini na rejeta. Mpira mzima unaurudisha mkono. Uliochoka unabonyea, au unakauka na kuweka nyufa.

Asubuhi ile ya Idd niliuminya wa juu, ukabonyea kama andazi lililolowa chai. Karibu na klipu palikuwa na uvimbe, na pembeni yake ufa wenye unyevunyevu. Kwenye siti ya nyuma mama yangu alikuwa ameshalazwa, mito huku na huku, mdogo wangu wa kike amempakata kichwa.

Mama alikuwa anarudi kwao Iringa. Hospitali walishatuambia kwa upole kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu, naye akaomba jambo moja, aione nyumba yake akiwa hai. Kusafiri kwa basi asingeliweza, kukaa kitako kulishamshinda. Safari tulishaiahirisha, na kila tukiahirisha alikuwa anapungua. Jana yake alikunywa uji. Asubuhi ile alilowesha midomo tu. Na mbele yetu kulikuwa na mlima Kitonga, ambako hata magari mazima yanachemka. Mpira ule ungepasuka huko, mama angefia pembeni ya barabara.

Maduka ya spea yote yalikuwa yamefungwa. Fundi wangu alikuwa kwenye swala, simu inaita tu. Mdogo wangu akasema tuufunge kwa raba ya tairi la baiskeli, twende hivyohivyo. Nikamwambia anyamaze, kwa sauti ambayo hakuistahili.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa Kiarabu, mtu wa Pangani, mjane, ana duka la vitambaa. Uani kwake lipo gari la marehemu mumewe, la aina moja na langu, limefunikwa turubai. Kuendesha hajui, ila kila Ijumaa hulifunua, huliwasha, hukaa ndani kidogo, kisha hulizima. Wanunuzi wamekuja, amewafukuza. Wanawe wenyewe hawaligusi. Nilijua fika kwamba ninachokitaka kiko chini ya lile turubai, na mdomo ukawa mzito. Mie si mtu wa kuombaomba, na kitu kama kile unaanzaje kukiomba?

Sikukiomba. Alikuja mwenyewe na sahani ya pilau, amevaa dira jipya, mikono ina hina.

"Shikamoo, mama. Idd njema."

"Marahaba. Mbona bado mpo? Mgonjwa vipi?"

Nikamwonyesha mpira na kumweleza. Akauminya mwenyewe, akaniuliza, "Wa gari la mzee unaingia?"

"Unaingia, mama, lakini lile gari..."

"Njoo na bisibisi yako."

Turubai alilifunua yeye. Nikauminya mpira wa juu, ukaurudisha mkono. Nikafungulia maji ya rejeta, nikalegeza klipu, nikaanza kuuzungusha mpira taratibu, maana uliokaa muda mrefu huganda, na ukiuvuta kwa hasira unaweza kuvunja na rejeta yenyewe. Yeye alikuwa ameshika ndoo ya kukingia maji, dira la sikukuu limelowa mbele. Akasema bila kunitazama:

"Mzee aliniomba tumpeleke Pangani akaone kwao. Nikamwambia, subiri kwanza upate nguvu. Hakuzipata. Tukamzika hapahapa."

Niliendelea kuzungusha huku machozi yananitoka, mpaka mpira ukaachia.

Nikaufunga kwangu, nikakaza klipu, nikajaza maji, nikaiacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Jirani akaingiza mkono dirishani, akaushika wa mama. "Nenda, dada. Ukifika uniambie."

Kitonga tuliupanda nyuma ya lori, na nilitazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama barabara, Mungu anisamehe. Haukuondoka katikati. Nimeshukuru watu wengi maishani, wengine kwa adabu tu. Yule mama nilimshukuru kwa sauti kila kona ya mlima ule, na mpaka leo sijachoka. Niliporudi Dar nililifungia gari la mzee mpira mpya, na Ijumaa yake akaliwasha kama kawaida.

Iringa tulifika giza linaingia. Mama alikataa kupelekwa chumbani, akataka tumpitishe jikoni kwanza. Akagusa ukuta. Akauliza nani mvivu ameacha kuni nje zinyeshewe, tukacheka huku tunalia. Kisha akadai simu. Nikampigia jirani, nikaiweka karibu na midomo yake maana sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Dada," mama akasema, "nimefika kwetu."

Upande wa pili nikamsikia mtu mzima analia.

"Hebu sema tena, dada," akaomba.

Mama akasema tena.