Kipimo cha Mama

Sisi tuliokulia ughaibuni, mjini Blaine, miaka ile ya elfu mbili, tukiwa bado watoto wa Kitanzania wa kuhesabika kwenye basi zima la shule, tunajua Jumamosi ilikuwaje. Asubuhi unasugua bafu. Mchana unapelekwa mtaa wa Phillips, kwenye maduka ya Kiafrika, kununua unga wa ugali na viungo, halafu unakaa kwenye gari saa nzima, kwa sababu mama amekutana na mtu wa kwao. Jioni ni mazoezi ya kwaya. Watoto wa siku hizi wakipelekwa mahali pasipo na intaneti wanaona wameonewa. Sisi burudani yetu ilikuwa kuandika majina yetu kwenye kioo cha gari chenye ukungu.

Jumamosi zangu mimi zilikuwa na kitu cha ziada. Mama yangu alikuwa na gobore.

Najua mnavyocheka. Walicheka hata wakati ule, na kicheko chao hicho ndicho kinachonifanya niandike nikiwa na hasira, miaka yote hii baadaye. Mama alikuwa muuguzi hospitalini Coon Rapids, mji wa jirani. Mwenzake wa zamu, mama mmoja Mzungu, alifiwa na mume, akawa anagawa vitu vyake vya uwindaji. Alipomsikia Mama akisimulia kwamba babu yangu kule Sikonge alikuwa akiwinda nguruwe pori kwa gobore, akampa bunduki ya marehemu. Ilikuwa gobore la kisasa, la chuma cheusi na kitako cha plastiki, lakini mambo ni yaleyale: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa ufito, unaweka fataki nyuma, unafyatua mara moja tu. Ukikosa, unaanza upya.

Baba aliona ni kichekesho. Mdogo wake, baba mdogo Deo, ndiye aliyecheka kuliko wote. Deo alikuwa akija kwetu kila wikiendi kula, na kila akila alimwuliza Mama kama leo amemlenga mumewe. Wanaume pale sebuleni wanacheka, Mama anaongeza mchuzi.

Uwanja wa shabaha tuliokwenda ulikuwa kaskazini ya kwetu, uwazi mrefu katikati ya misonobari, na meza za mbao zenye mikwaruzo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alinivisha vizibo vikubwa vya masikio, akaniketisha nyuma yake na chupa ya chai ya tangawizi. Harufu ya baruti ile siwezi kuielezea vizuri. Ni kama yai bovu na kiberiti vimekutana, na mimi mpaka leo naipenda.

Mwanzoni risasi zilikwenda zinakotaka. Muuza duka alikuwa amemwambia atumie vidonge vya baruti vilivyokwisha kupimwa, vitatu kwa mpigo, eti nguvu ndiyo kila kitu. Bega la Mama liligeuka zambarau, na matundu kwenye karatasi yalitawanyika kama maharage yaliyomwagika. Mwingine angesema bunduki mbovu. Mama aliacha vidonge, akanunua baruti ya unga na kikombe kidogo cha shaba cha kupimia. Akaanza chini, akapanda kidogo kidogo. Alijaribu risasi nyepesi, akajaribu nzito. Alijaribu vikombe vya plastiki vinavyovalishwa risasi, vingine vinabana, vingine vinalegea. Kila nilipomhimiza abadili vyote kwa pamoja ili tuwahi nyumbani, alinijibu jambo lilelile:

“Badili kimoja tu, Tumaini. Ukibadili viwili, hutajua kipi kimekusaidia.”

Majira yote ya joto yaliishia pale. Mbu walituuma, majani yakageuka manjano, nikaanza kuja na koti. Aligundua kwamba mtutu ukichafuka risasi ya pili inapotea, basi akawa anaupitishia kitambaa chenye unyevu, halafu kikavu, baada ya kila mlio. Hatimaye siku moja, kwa baruti ya alama ya tisini kwenye kikombe cha shaba, risasi nzito na plastiki ya kubana, tulitembea hadi kwenye karatasi tukakuta matundu yamekaa pamoja kiasi cha kuweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Mama hakushangilia. Aliyagusa kwa kidole moja moja, akaniambia kwamba sasa anaweza kwenda porini bila kumtesa mnyama wa watu. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo, na hakuna mtu sebuleni kwetu aliyewahi kumwuliza.

Msimu wa gobore kule hufunguliwa theluji ikiwa imeanguka. Mama alikata leseni yake, akapima baruti mapema kwenye vichupa, kila kichupa mlio mmoja. Kisha hospitali ikamwita kuziba zamu Jumamosi ile ile ya ufunguzi. Akasema haidhuru, atakwenda Jumapili.

Jumamosi asubuhi, Mama akiwa kazini, baba mdogo Deo alikuja akaomba bunduki. Naye alikuwa amekata leseni, na rafiki yake wa kazini alikuwa na shamba huko kaskazini, njia ya kwenda Duluth. Baba alimpa. Hakumpigia Mama simu kwanza. Aliifungua gereji, akampa, kama mtu anavyomwazima jirani koleo la theluji. Nilimwambia Deo achukue vichupa vya Mama. Aliviinua, akavitazama, akasema shemeji anapima baruti kama anampimia mtoto dawa ya kikohozi. Alipitia dukani akanunua vidonge na risasi nyingine.

Jioni alirudi mikono mitupu, akakaa mezani akala wali na kuku. Mama aliingia akiwa bado na sare za kazi. Alimkuta Deo anamsimulia Baba, huku akicheka, jinsi alivyompiga kulungu dume mkubwa mguu wa nyuma, na jinsi yule mnyama alivyokimbilia kwenye matete akivuja damu. Bunduki inavuta juu, alisema. Bunduki ya kike.

Mama alisimama pale na mkoba begani. “Umemfuata mpaka wapi?”

“Shemeji, kulikuwa na baridi. Halafu kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Kulungu wako wengi.”

“Nimekuuliza umemfuata mpaka wapi.”

Deo alimtazama Baba. Baba alisema, “Mama Tumaini, yaishe. Mtu anakula.”

Mnalijua neno hilo. Tumelisikia sote kwenye nyumba zetu zile. Likisemwa, aliyekosewa ndiye anayetakiwa kunyamaza, na aliyekosa anaongezewa kuku. Mama aliichukua bunduki akaenda kuisafisha, na mtutu ulitoa masizi mpaka vitambaa vikamwishia. Alimtaka Deo ampe namba ya mwenye shamba, akampigia, akaomba ruhusa ya kuingia asubuhi. Kisha akamwambia Deo aje waongozane. Deo akasema ana zamu ya kuwapeleka wanakwaya kanisani.

Tukaenda wawili, tumevaa vizibao vya rangi ya machungwa, mimi nikielea ndani ya changu. Mwenye shamba alitusogezea lango, akatuonyesha pale Deo alipokuwa ameketi. Damu ilikuwa imeganda juu ya theluji, mwanzo matone, mbele yake michirizi. Tuliifuata hadi kwenye matete. Kulungu hakuwa amefika mbali. Mtu angetembea mwendo mfupi tu baada ya mlio angemwona.

Alikuwa hai. Amelala ubavu, mguu umegeukia upande usiotakiwa, na theluji iliyomzunguka ilikuwa imechimbuka kwa kuhangaika kwake. Alijaribu kusimama alipotuona, akashindwa. Nililia. Mama hakulia. Alitoa kichupa kimoja, akamimina, akashindilia, akaweka fataki, kwa utaratibu uleule wa uwanjani, akiwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake wala sijaiona tena. Akafyatua. Mnyama alilaza kichwa chini kama anayelala usingizi.

Mama alipiga magoti akamwekea mkono shingoni. “Usiku kucha,” alisema kwa sauti ndogo. “Usiku kucha, kwa sababu ya mpira.”

Alimfunga kulungu kibandiko cha leseni yake, kama sheria inavyotaka, tukamburuta pamoja na mwenye shamba mpaka kwenye gari.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Krismasi ile jumuiya yetu ilikusanyika, na nyama ile ikapikwa pilau. Mzee mmoja aliyekuwa akiongoza sala alimshukuru Deo kwa kitoweo. Deo akasimama akapigiwa makofi. Nilisema kwa sauti kwamba aliyemwua ni Mama. Meza nzima ilinigeukia, na Baba akaniambia mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Nikapelekwa chumba cha makoti. Mama alinifuata, akaniambia kwamba mimi nilikuwepo na ninajua, inatosha. Haikutosha. Hata yeye alijua kwamba haikutosha. Nilimwona alivyokunja ngumi.

Alinunua kufuli, na bunduki haikutoka tena bila yeye. Aliwinda miaka mingi baadaye, na kila mnyama wake alianguka palepale. Hakuna aliyempigia makofi.

Mwaka jana, kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu, baba mdogo Deo, mzee sasa mwenye mvi, alianza tena kuwasimulia vijana habari za kulungu wake mkubwa wa zamani. Niliweka uma chini, nikamwambia, “Baba mdogo, wewe ulimvunja mguu ukaenda kuangalia mpira. Mama ndiye aliyemfuata.” Baba akainua mkono kama kawaida yake ya kupatanisha. Mama, aliyekuwa ameketi kando yake na bega lake linalomwuma siku za baridi, akaushusha ule mkono taratibu.

“Mwache aseme,” alisema.

Nikasema yote, tangu matete mpaka chumba cha makoti. Deo alikunja kitambaa chake cha mezani, akatoka kwenda kuvuta hewa, na Mama akaendelea kula.

Uwanja ule wa shabaha sasa ni nyumba, zote za rangi moja, na misonobari imebaki kwenye jina la mtaa. Tunakaa tunalalamika kwamba watoto wetu hawana adabu, wanajibu kwa Kiingereza, wanamkatiza mtu mzima mezani na kumwambia kwamba hayo siyo yaliyotokea. Binti yangu ana miaka kumi na moja, na ananifanyia hivyo kila siku. Naukumbuka utoto wetu, chai ya tangawizi kwenye baridi, mgongo wa Mama ulioinama juu ya bunduki, na natamani ningeupata tena hata kwa Jumamosi moja. Lakini ningerudi na mdomo wa binti yangu.