Kilio cha Kauboi

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwenye nyumba ya video hapa Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, alikuwa anaonyesha filamu za kauboi mchana, samaki wetu wakiwa wanakauka nje. Mama yangu, aliyekuwa anavusha samaki kwenda Congo, alizipenda kuliko mimi. Siku moja kauboi alipigwa risasi, akaanguka mchangani, farasi wake akaondoka, na filamu ikaisha.

“Bandugu yake beko wapi?” mama akauliza kwa hasira. “Mutu hawezi kufa bule hivi!”

Kwetu, kwenye kilio, hakuna mwanamke anayekaa juu. Basi mama akashuka kwenye benchi, akakaa chini. Wachuuzi wenzake wakashuka pia, wakafunga vitenge kiunoni, wakamwimbia yule muzungu nyimbo za mazishi, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, mpaka wavuvi waliokuja kuchungulia wakavua kofia. Mimi peke yangu nilibaki kwenye benchi, nimenuna. Nilikuja kutazama bastola, sikuja kulia.

Mwenye video hakujua afanye nini. Akarudisha kaseti mwanzo, akaiwasha tena. Kauboi akatokea juu ya farasi wake, mzima, anacheka.

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Nikainama nimweleze mama mambo ya kaseti.

“Nyamaza,” akasema, akipangusa machozi huku anacheka. “Kaseti naijua. Lakini weye haukuimba.”