Jabali na Ukungu wa Nyota

Mkuu wa taasisi ya nyota aliitwa Jabali, na jina hilo la utani alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Alianzia kwenye chumba cha chini ya ngazi, na kiti kibovu alichokuja nacho kutoka kwao. Sasa ghorofa nzima ilikuwa yake. Kitengo cha hali ya hewa kilipokosa msimamizi, alikimeza. Maktaba ilipoyumba, akaimeza nayo. Maabara ya picha aliipata kwa urahisi zaidi: alimuoa mwenye maabara. Wakuu wa zamani walibaki hawana ofisi, wakawa wanashinda kwenye korido na vikombe vyao vya chai, wanaelea tu. Jabali akipita aliitikia salamu zao kwa kidevu. Ukimuuliza alifikaje hapo, alikuambia bila haya kwamba ni kwa jasho lake mwenyewe.

Mtu kama huyo angesoma galaksi gani, kama si ile nene kuliko zote, iliyojikalia katikati ya kundi la mamia ya galaksi kama bwana harusi? Alishikilia kwamba dude lile lilijijenga lenyewe: gesi ya kundi ilipoa, ikatiririka hadi katikati, ikawa nyota. Hakuna aliyelichangia kitu.

Kitengo kimoja tu kilikuwa hakijaingia tumboni mwake: darubini, aliyoisimamia mkewe. Baada ya mhadhara wa Jabali wa Ijumaa, baraza la taasisi lingeamua kama apewe na hiyo. Jabali aliitaka darubini ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Walipokuwa wakiandaa picha, mkewe alimwonyesha galaksi ile kwenye skrini. Ilizungukwa na ukungu wa mwanga hafifu uliosambaa hadi kwa majirani.

"Futa huo uchafu," Jabali alisema. "Ni mwanga wa anga tu. Picha kama imemwagiwa maziwa!"

"Baba watoto, mwanga wa anga nimeshautoa. Hizo ni nyota, zimenyofolewa kwenye galaksi ndogo zilizomezwa."

"Zimemezwa na nani?"

"Na huyo mpenzi wako. Siku hizi gesi yake haipati nafasi ya kupoa, shimo jeusi la katikati linaichemsha kila ikijaribu. Amenenepa kwa majirani."

"Nimesema futa!"

"Haya, bwana."

Akafuta. Jabali akaridhika. Hata kwenye picha ya harusi yao pale ukutani alikuwa amewakata mashemeji zake wote, ili yeye aonekane vizuri.

Ijumaa ukumbi ulijaa, hadi watu wa korido wakaingia na vikombe vyao. Jabali alikohoa, akatangaza kwamba hii ndiyo galaksi kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa na taasisi. Mwenyekiti wa baraza, mama mpole aliyewahi kufundisha fizikia, akavaa miwani.

"Mkuu, kwa mwanga huu ulioupima, hii ni ndogo kuliko ile waliyoipima wanafunzi mwaka jana. Nyama yake imeenda wapi?"

Hapo ndipo jasho la Jabali lilipoonekana kwa mara ya kwanza.

"Mama watoto," akanong'ona, "hebu rudisha ule ukungu."

Ukungu ukarudi. Dude likatanuka kweli kweli, na ndani ya ukungu ikaonekana michirizi ya galaksi zilizoraruliwa, moja ikiwa bado imezama nusu. Ukumbi ukaguna.

"Kubwa kweli," mwenyekiti akasema. "Lakini hizo nyota ni za watu. Basi chagua, Mkuu: ni ndogo, au imekula wenzake?"

Watu wa korido walicheka mpaka chai ikamwagika. Baraza halikukawia: darubini ikabaki kwa mkewe, na maktaba na hali ya hewa zikarudishwa kwa wenyewe.

Alipotoka, Jabali alitafuta pa kukaa. Viti vyote vya korido vilikuwa na watu.

"Jamani, nisogezeeni nikae," akaomba.

Mzee wa maktaba akapiga funda la chai, kisha akamwonyesha kwa kidevu chumba cha chini ya ngazi.

"Kile kiti chako kibovu bado kipo, Mkuu. Hicho hatukudai."