Mwisho Nilioubuni

Mwezi uliopita nilihama nyumba, na vitabu vyangu vikaniaibisha. Maboksi tisa, na karibu kila kitabu kina kipande cha gazeti katikati, pale nilipoishia. Hata hivyo, siku hiyohiyo nilitoka kununua kamba za kufungia mizigo, nikarudi na vitabu vingine vitatu. Nikiona vinauzwa, moyo hunienda mbio, kama vile nisiponunua leo, kesho sitavikuta.

Hofu hiyo najua ilikoanzia, ndugu yangu. Ilianzia Butimba, miaka ile ya tisini, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya umma yakafungwa moja baada ya jingine. Vitabu vya maduka hayo vilimwagwa juu ya turubai kule Mabatini, kando ya mitumba, na kila Jumamosi nilikuta rundo limepungua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Vijisenti alivyonipa mama kwa kuuza maandazi viliishia pale. Mama alisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika saba.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Jioni nilimwamkia, nikakaa barazani kwake kumsomea, naye akichambua dagaa kwa kupapasa. Kitabu alichokipenda kilimhusu mama anayemtafuta mwanawe kisiwa hadi kisiwa. Mwalimu naye alikuwa na mwana aliyekwenda visiwani kuvua sangara, asilete hata barua. Hakuwahi kulitaja hilo. Mama ndiye aliyeniambia.

Zilibaki kurasa kama ishirini. Jumamosi ikafika, nikaja na kitabu kipya, halafu kingine. Mwalimu hakulalamika. Alisema tu kwamba tutarudi kwa yule mama. Nami niliitikia, ingawa nilijua Jumamosi nyingine inakuja.

Asubuhi moja binti yake alikuja na gari kumchukua, akakae naye Misungwi. Nilikimbia kumuaga. Alinishika mkono, akauliza, "Yule mama alimpata mwanawe?"

Sikuwa nimesoma. Nikasema, "Alimpata, Mwalimu."

"Mzima?"

"Mzima."

Aliitikia kwa kichwa, akapanda gari.

Nilirudi ndani nikazisoma zile kurasa nimesimama. Hakumpata. Alirudi kwao peke yake. Tangu siku hiyo niliapa kwenda Misungwi kusema kweli, likizo hii, kisha ile inayofuata, na kila likizo nilijificha ndani ya kitabu kipya. Habari za msiba wa Mwalimu zilinikuta nikiwa nimeanza vitabu kumi na kimoja.

Baraza lile lilibomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Mama naye hayupo tena. Siku hizi nasoma kimyakimya, sina wa kumsomea, na nikikaribia kurasa za mwisho mikono huniwia mizito.

Pale kwenye msiba wa Mwalimu, binti yake alitusimulia kwamba kila mgeni aliyekwenda kumjulia hali Mwalimu alipewa hadithi ya yule mama. Aliisimulia yote, hadi kisiwa cha mwisho. Na kila mara mwana alipatikana, mzima, ameketi ufukweni akishona nyavu.