Yusu, aliyetusomea Amerika kwa Kiswahili cha sokoni

Leo asubuhi nimemtumia Yusu meseji kumuuliza kama script ya saa kumi iko tayari. Nimeituma kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba juzi nilimshusha kaburini kwa mikono hii hii.

Ndugu mnaotufuatilia, ni kweli. Yusufu wetu wa redio hapa Rumonge ametutoka. Presha. Jumatatu alianguka uani nyuma ya studio na kikombe cha chai mkononi, tukamfikisha hospitali akiwa ameshaondoka.

Mimi ni fundi mitambo wake. Miaka tisa nimekaa upande wa pili wa kioo, nikimwona anavyokunja uso kabla ya kusoma habari za Amerika.

Mnakumbuka alivyosoma. Kwanza maneno ya mwanasiasa kama yalivyo, polepole, kwa heshima zote. Kisha anasema, "Na sasa kwa Kiswahili cha sokoni," anayarudia kama anaongea na mwenye meza ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

"Tunaipunguzia serikali mzigo." Kwa Kiswahili cha sokoni: kuna kliniki itafungwa. "Tunawarudishia wazazi sauti yao." Kwa Kiswahili cha sokoni: vitabu vinaondolewa shuleni. Na TV zao zinazowapigia makofi alikuwa anaziita wapambe wa bwana harusi. Jamani!

Nilikuwa nachoka naye, nasema ukweli. Nilimwambia aachane na hao wahafidhina wa suti, sisi hapa petroli yenyewe hatuna. Akacheka. "Fundi, habari za wakubwa wa hapa nani atakuacha uzitafsiri?"

Patron wetu, mwenye redio, alikipenda kipindi kwa sababu hiyo hiyo. Alisema Amerika haiwezi kuja kutugongea mlango.

Ikagonga kwa mama yake.

Kaka mkubwa wa Yusu, Shabani, alipelekwa Amerika kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Akapata mtoto, akamwita mama akamwone mjukuu. Mama akafunga begi: vitenge, ndagala kavu, chupa ya mawese kaizungushia plastiki mara tatu.

Viza za watu wa nchi yetu zikasimamishwa. Wakubwa wa kule wakasema ni tahadhari tu, kwa usalama wa raia. Mtangazaji wa TV yao akaongeza, akitabasamu, kwamba hakuna mtu mwema aliyeumia.

Yusu aliyasoma yote hayo hewani, neno kwa neno. Akasema, "Na sasa kwa Kiswahili cha sokoni," akaisukuma maiki pembeni. Ilibidi niweke muziki.

Simu zikaanza kuingia. Mama mmoja muuza samaki wa Magara akasema, "Yusu, huyo mukubwa wa Amerika anaogopa nini? Mama yako namujua, hata kuku ikiingia mu nyumba anaiomba itoke!" Tulicheka wote. Yusu alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikajifanya natengeneza waya.

Lakini kilichomvunja zaidi ni Shabani mwenyewe. Kiwandani kwake TV ya chumba cha chakula inakaa kwenye chaneli moja kutwa, na yeye akawa anaongea kama ile TV.

"Hawatusemi sisi, mudogo wangu," alimwambia kwenye simu, mbele yangu. "Sisi tuko na makaratasi. Wanazuia wabaya."

"Na mama iko mu wabaya?"

"Weye unasoma habari za watu wa chuki," Shabani akamjibu, akakata.

Hawakuongea tena. Watoto wa tumbo moja, msimu mzima wa mvua, kwa ajili ya watu ambao hawajui hata Rumonge iko wapi. Kila Ijumaa Yusu alikuwa anaitazama simu, anairudisha mfukoni. Nilimwambia apige yeye. Alisema, "Nitapiga." Sikumlazimisha. Hilo sitajisamehe haraka.

Waliozika Kiislamu wanajua: anayeshuka kaburini kumpokea maiti ni wa damu. Baba yao hayupo tena. Wajomba wawili walikuwepo, ila upande wa kichwa ulikuwa wa Shabani.

Wakili wake alimwambia, ukitoka sasa hakuna wa kukuhakikishia utarudi kwa mtoto wako. Na makaratasi anayo yote.

Kabla hatujatoka nyumbani mama akanigeukia. "Fundi, ushuke weye. Ni weye ulikuwa unamusikiliza kila siku." Makaburini nikavua viatu.

Jirani alishika simu juu ya kaburi, video inakatika kila mara. Nikasikia Shabani anauliza, "Nani anashuka?" Jirani akamwambia, fundi wa redio. Kule upande wa pili mtu mzima akalia bila aibu.

Nikamlaza Yusu ubavu wa kulia, nikalegeza vifundo vya sanda. Mtandao ukakata.

Nilipopanda, tayari udongo unatupwa, ndipo simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe wa sauti. Shabani.

"Fundi, kama bado uko chini, umwambie mudogo wangu alisoma sawa. Ni sisi. Walikuwa wanatusema sisi tangu mwanzo. Umwambie kabla hujapanda, tafadhali."

Nilikuwa nimeshapanda.

Nimechoka, jamani. Nimechoka na watu wanaopamba maneno mbali huko, halafu sisi tunayabeba hapa kwenye jeneza. Begi la mama bado liko nyuma ya mlango, limefungwa vile vile.

Yusu, kazi yangu ilikuwa kukupitishia ujumbe wa wasikilizaji kwenye headphone kabla hujafunga kipindi. Sikuwahi kuuchelewesha hata mmoja. Huu umechelewa, unisamehe, ndiyo maana nauandika hapa mbele za watu.

Unatoka kwa kaka yako. Anasema ulisoma sawa.

Sasa vua headphone, ndugu yangu, ulale salama.